Makafi ya Usavara: Habari za Mashindano ya Mitumbwi Yasiyodumu

Mto wetu wa Mkondoa si mto wa mashindano ya mitumbwi, na kila aliyezaliwa Kilosa aijua sababu yake. Wakati wa kiangazi mtu huuvuka kwa miguu mahali pengi. Wakati wa masika huo huo mto hubeba miti mizima pamoja na mashamba, wala hakuna kafi liwezalo kushindana nao. Mwezi wa Aprili 1872 tufani kubwa ilipiga Unguja na Bagamoyo, na katika masika yale mito ya mabonde yetu ilifurika hata vijiji vikachukuliwa na maji. Wala mambo hayo si ya wazee peke yao. Mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa Januari 2010 Mkondoa ulipasua matuta yake. Maelfu ya watu wa Kilosa wakalala katika mahema, na njia ya reli ikakatika. Mto wa namna hii huwafundisha watu kujenga mbali na ukingo. Hauwafundishi kupiga makafi.

Huko Mikumi nako hali si mbali na hiyo. Maji ya Mkata hutanda juu ya mbuga wakati wa mvua, kisha hurudi katika mabwawa yenye viboko na mamba. Na tangu mwaka 1964 sehemu kubwa ya nchi ile imekuwa hifadhi ya wanyama, ambamo mtu haingii na mtumbwi wake kutafuta kitoweo.

Basi msomaji atauliza: Ya nini habari za mitumbwi katika kitabu cha jubilei yetu? Jibu ni hili. Katika shule zetu na katika parokia zetu, vyama vya vijana huanzishwa kila mara: chama cha mpira, chama cha ngoma, chama cha mbio, kwaya mpya. Vingi huanza kwa vigelegele, na kabla ya mwaka wa pili kwisha havina mtu. Walimu hulaumu vijana, vijana hulaumu walimu, na watu husema, “Mpira ulipasuka,” au, “Fedha zilikwisha.” Nadhani jambo hili lataka kuangaliwa kwa makini zaidi, na hakuna mahali liwezapo kuonekana wazi kuliko katika habari za wapiga makafi wa Kabaka wa Buganda, ambao mashindano yao yalikuwa makubwa kuliko yote yaliyopata kuandikwa katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki, hata hivyo hayakudumu maisha ya wazee wawili. Tena habari hizo hazikuanza mbali na kwetu kama mtu awezavyo kudhani.

VYOMBO VILIVYOBEBWA MABEGANI

Zamani za misafara, njia iliyotoka Bagamoyo kwenda bara ilipita katika nchi hizi zetu. Wengine walivuka mbuga ya Mkata na kuufuata Mkondoa. Wengine walipita upande wa kaskazini kwa milima ya Ukaguru. Wote walikutana Mpwapwa. Katika njia hizo walipita watu wenye meno ya ndovu, watu wenye nguo na shanga, na watumwa katika minyororo. Walipita pia watu waliobeba mashua.

Mwaka 1871 Henry Stanley, alipokuwa akimtafuta Livingstone, alikuja na mashua mbili. Alizibandua mbao ili zipungue uzito, akakusudia kuzivika turubai iliyopakwa lami mara zitakapofika kwenye maji makubwa. Masika yalimkuta katika Mkata. Akatumia siku nyingi katika matope, wapagazi wakizama hata viunoni, na vyombo vyake vya majini vikivushwa majini juu ya vichwa vya watu. Mwaka 1874 akarudi na chombo kingine, jina lake Lady Alice, urefu wake futi 40, kilichofanywa kwa vipande ili kila kipande kiwe mzigo wa wapagazi. Mwezi wa Desemba 1874 kilifika Mpwapwa, na mwisho wa Februari 1875 kikafika Kageye, pwani ya kusini ya ziwa la Viktoria, karibu na Mwanza. Hapo vipande viliunganishwa. Nao watu 11 tu wakachaguliwa kuwa mabaharia wake. Wengi wa wale waliokibeba kutoka pwani hawakukipanda hata siku moja.

Baada yake wakaja Waanglikana wa C.M.S. na mashua yao Daisy, ambayo nayo ilibebwa kwa vipande, nao wakafika kwa Kabaka Mutesa mwezi wa Juni 1877. Mwezi wa Juni 1878 Mapadre Weupe wakaondoka Bagamoyo. Mmoja wao, Padre Pascal, alikufa katika Ugogo mwezi wa Agosti. Wenzake wakaendelea hata wakafika ziwani mwisho wa mwaka. Hata reli ilipokuja desturi hii haikukoma, ila mabega yaliachiwa gari la moshi: katika mwaka 1914 meli Graf von Götzen, iliyo leo Liemba, ilipita kwetu ikiwa ndani ya masanduku 5,000 hivi, ikapelekwa Kigoma kuunganishwa.

Kwa hiyo nchi yetu isiyo na mitumbwi ndiyo iliyovipitisha vyombo vya wageni hata kwenye nchi ya mitumbwi. Na wageni hao walipofika huko, walishangaa kuona ya kuwa wenyeji walikuwa na vyombo vyao, vilivyopita vya wageni kwa wingi na kwa mbio.

MITUMBWI YA KABAKA

Mtumbwi tuujuao sisi ni gogo lililochongwa na kutobolewa. Mitumbwi mikubwa ya Buganda haikuwa hivyo. Gogo moja tu lilichongwa liwe mkuku, yaani uti wa mgongo wa chombo. Juu yake zikawekwa mbao upande huu na upande huu, nazo zikashonwa kwa nyuzi za mti, bila msumari hata mmoja, na penye nafasi zikazibwa kwa nyuzi za mgomba. Watu wa pwani wataukumbuka mtepe wa Lamu, ambao nao ulishonwa. Omo yake, yaani upande wa mbele, ilitokeza juu kama shingo ya ndege wa majini. Juu ya shingo ile zikafungwa pembe za swala, na katikati ya pembe fungu la manyoya. Mbao zilipakwa udongo mwekundu.

Speke aliiona mitumbwi hiyo mwaka 1862, Mutesa alipomchukua kutembea ziwani. Akaandika ya kuwa ilikuwa na makafi tangu 10 hata 30. Stanley, miaka 13 baadaye, alipima mmoja uliopita futi 70 kwa urefu.

Chombo kilichoshonwa ni chombo chepesi, lakini ni chombo kitakacho kazi kila siku. Uzi huoza, maji huingia katika matundu ya sindano, mtu mmoja hana budi kukaa na upo mkononi akifua maji, wenzake wakipiga makafi. Kila baada ya muda hupandishwa pwani, mbao zikafunguliwa na kushonwa upya. Kwa hiyo mitumbwi 100 yataka mafundi wengi walio karibu siku zote, na miti, na nyuzi, na vijana wanaojifunza kwa mafundi hao. Neno hili msomaji alishike, maana ndilo litakaloeleza mwisho wa habari.

Mafundi hao, pamoja na wapiga makafi wengi, walikuwa watu wa visiwa vya Sese. Mkubwa wa vyombo vyote vya Kabaka aliitwa Gabunga, wa ukoo wa Mamba, ndiye kama jemadari wa ziwa. Kabaka akitaka vita, au akitaka kupeleka wajumbe Kageye kwa wafanya biashara wa pwani, Gabunga alipeleka neno visiwani, na Wasese wakaacha mashamba yao na nyavu zao, wakaja. Hakuna aliyewauliza kama wana nafasi, wala hapakuwa na mshahara. Makafi yalikuwa kodi yao.

SIKU ZA USAVARA

Mwezi wa Aprili 1875 Kabaka Mutesa alikuwa Usavara, mahali paitwapo leo Busabala, kusini ya Kampala. Hapo ndipo Stanley alipomkuta alipofika katika Lady Alice. Siku chache baadaye Kabaka akaamuru vyombo vyake vionyeshwe mbele ya mgeni.

Mitumbwi iliyokuja ilipita 80, na katika kila mmoja walikuwamo watu tangu 30 hata 50. Jumla ya watu ilipata 2,500. Kwanza walipita mbele ya Kabaka kwa safu, kisha wakaonyesha namna ya vita vya majini, kisha wakashindana mbio. Mgeni yule, aliyekuwa mwepesi wa kulaumu, aliyasifu mashindano yale kuwa mazuri sana.

Na tuyatazame kama mwalimu atazamavyo wanafunzi wake uwanjani. Watu 40 katika mtumbwi mmoja hukaa wawili wawili, nyuso zao mbele, kila mmoja na kafi fupi lenye ubapa kama jani. Kasia hufungwa katika chombo. Kafi halifungwi, hushikwa kwa mikono miwili, na nguvu yake yatoka mgongoni. Mtu mmoja akichelewa nusu ya pumzi, kafi lake hugonga kafi la nyuma yake, na la nyuma hugonga jingine, na mtumbwi mzima hupotewa na mwendo. Wenye nguvu nyingi wasiosikilizana hushindwa na wenye nguvu kidogo wasikilizanao. Umoja huo haupatikani kwa amri ya siku moja; huja kwa miaka ya kuvua pamoja, kusafiri pamoja na kuokoana katika mawimbi.

Basi, mashindano ya Usavara hayakuwa ya chama chenye kitabu cha majina na ada ya mwezi. Kabaka ndiye aliyeyaita, Kabaka ndiye aliyeyatazama, na sifa zilikuwa za Kabaka. Lakini ustadi ulikuwa wa Wasese. Mambo hayo mawili, mwenye amri na mwenye ustadi, yalikaa pamoja kwa muda tu.

Kabla mwaka ule haujaisha, mitumbwi ile ile ilipelekwa vitani. Stanley aliihesabu ikapita 300, ilipokusanywa kupigana na watu wa kisiwa cha Uvuma. Wavuma walikuwa wachache kuliko Waganda. Lakini walikuwa wakipigania nyumba zao, na juu ya maji hawakuwaogopa hata kidogo. Majeshi ya Kabaka yakakaa pwani siku nyingi bila kuwaweza. Wingi wa vyombo ulikuwa upande mmoja. Moyo ulikuwa upande wa pili.

MAKAFI NA WASOMAJI

Watu wa mitumbwi wana sehemu pia katika kuja kwa dini nchini Uganda. Mwezi wa Februari 1879 Padre Lourdel na Bruda Amans walitua pwani karibu na Entebbe, baada ya kutoka Kageye kwa maji. Kisha Mutesa akapeleka mitumbwi yake iwachukue wenzao, nao wakafika mwezi wa Juni.

Lakini chombo hicho kilichowaleta walimu kingaliweza kuwa kaburi la wanafunzi wao. Mutesa alikufa 1884, akamfuata mwanawe Mwanga, ambaye kwa amri yake wasomaji wengi waliuawa katika miaka ya 1885 mpaka 1887, baadhi yao wakachomwa moto Namugongo mwezi wa Juni 1886. Mwezi wa Septemba 1888 Mwanga alifanya shauri jingine: wasomaji wote, Wakristo na Waislamu, wapandishwe katika mitumbwi kama kwamba wanakwenda vitani, wapelekwe kisiwani, waachwe huko wafe kwa njaa. Shauri likavuja. Wasomaji wakafika pwani, wakaitazama mitumbwi, wakakataa kupanda. Siku chache baadaye Mwanga ndiye aliyekimbia. Akashuka ziwani, akaenda kusini, hata akapokewa na Mapadre Weupe wa Bukumbi, karibu na Mwanza.

Mwaka uliofuata Wasese walimwunga mkono Mwanga, na mara ile ziwa lote likawa lake. Kwa sababu aliyekuwa na Wasese alikuwa na mitumbwi, na aliyekuwa na mitumbwi aliweza kwenda atakako na kumzuia adui yake kupata bunduki na baruti. Kwa msaada huo akakirudia kiti chake. Tunaona hapa jambo ambalo Usavara halikuonekana: wapiga makafi hawakuwa vyombo vya mtu. Walikuwa watu wenye shauri lao, na shauri lao lilitosha kumrudisha mfalme.

JINSI MASHINDANO YALIVYOKUFA

Mambo matatu yaliua mashindano ya mitumbwi ya Kabaka, na yote yalifika karibu wakati mmoja.

La kwanza, amri iliondoka. Kwa mapatano ya mwaka 1900 kati ya Waingereza na wakubwa wa Buganda, Kabaka hakuwa tena na uwezo wa kuita vita apendavyo, na kila nyumba ikatakiwa kodi ya rupia 3. Aliyekuwa akilipa kodi kwa kafi sasa alitakiwa alipe kwa fedha. Mitumbwi ya vita ikawa haina vita, na mashindano yaliyokuwa mazoezi ya vita yakawa hayana sababu.

La pili, kazi iliondoka. Mwaka ule ule wa 1900 meli ya moshi William Mackinnon ilishushwa ziwani, na mwisho wa 1901 reli kutoka Mombasa ikafika pwani ya ziwa, mahali paitwapo leo Kisumu. Meli nyingine zikafuata. Mizigo iliyochukuliwa na mitumbwi mingi kwa siku nyingi ikachukuliwa na meli moja. Kwa muda Wasese waliendelea kuchukua mizigo kwa ujira, maana meli hazikufika kila mahali. Lakini kijana aliyeona meli hakuwa na haraka ya kujifunza kushona mbao.

Hata hivyo mambo hayo mawili yasingalitosha kuumaliza ustadi. Watu wangaliweza kuendelea kuvua samaki, na wavuvi wangaliweza kushindana siku za sikukuu kwa furaha yao wenyewe, bila amri ya mtu. Ndipo likaja la tatu.

Mwaka 1901 madaktari wawili ndugu, Albert na Jack Cook, katika hospitali ya Mengo, walitambua ugonjwa wa malale kwa watu waliotoka pwani ya ziwa. Mgonjwa huanza kwa homa. Kisha hukonda, akili huchanganyika, husinzia hata chakula kikiwa kinywani, na mwisho hulala usingizi asioamka. Mwaka 1903 ikajulikana ya kuwa mbung'o ndiye anayeuchukua. Sisi wa Mikumi na Kilosa twamjua mbung'o wa porini. Yule wa ziwani ni wa namna nyingine, apendaye vichaka vya kando ya maji, hasa mahali pa kivuli pale pale mvuvi anapopandisha mtumbwi wake. Kwa hiyo ugonjwa haukuwachagua watu wa milimani wala wa mashamba ya mbali. Uliwachagua wapiga makafi, na mafundi wa mitumbwi, na wake zao waliochota maji.

Hesabu ya waliokufa katika Uganda katika miaka ya kwanza ya karne ile ilipita 200,000. Katika Sese vijiji vizima vilinyamaza. Mwaka 1906 daktari mashuhuri Robert Koch alifika kutoka Ujerumani, akakaa visiwani akiwatibu maelfu kwa dawa yenye aseniki. Wengine walipata nafuu kwa muda. Wengine dawa ile iliwapofusha macho. Mwaka huo huo serikali, chini ya Hesketh Bell, ikaanza kuwahamisha watu kutoka pwani kwenda ndani kiasi cha maili 2, mbali na mbung'o. Na karibu mwaka 1909 watu waliosalia Sese wakatolewa katika visiwa vyao. Kuvua kukakatazwa.

Mitumbwi iliyoachwa pwani ilifanya kama chombo chochote kilichoshonwa hufanya kikikosa mkono wa kukitunza: nyuzi zikaoza, mbao zikafunguka moja moja, na shingo zenye pembe zikalala katika matete. Watu walipoanza kurudi visiwani, karibu mwaka 1920, ilikuwa imepita miaka 10 na zaidi. Mtoto aliyeondolewa akiwa na miaka mitano alirudi kijana, na hakupata kuketi kando ya fundi hata siku moja. Ustadi wa mikono hukaa katika watu. Mlolongo wa watu ukikatika, hakuna kitabu kitakachouunga.

Hata leo wavuvi wa ziwa lote, wa Tanzania na Kenya na Uganda, wana mashua ya mbao ambayo wengi huiita kwa jina la Sese. Lakini hiyo imepigiliwa misumari, na mingi huendeshwa kwa mashine. Jina limebaki, mshono umekwisha.

YALIYODUMU NA YASIYODUMU

Ni vizuri kulinganisha. Katika Uingereza, vijana wa Oxford na wa Cambridge walishindana makasia mara ya kwanza mwaka 1829. Na tangu 1856 wameshindana kila mwaka, isipokuwa hasa miaka ya vita vikuu na mwaka 2020 wa tauni ya korona. Hao hawaishi kwa makasia, wala hawavui samaki. Mto Thames hauwapi chakula. Mbona mashindano yao yamedumu? Kwa sababu kila mwaka wenye umri mkubwa huondoka na wenye umri mdogo huingia, na anayeondoka amekwisha kumfundisha anayeingia. Hawana Kabaka mmoja ambaye akifa wote hutawanyika. Chuo ndicho kinachowapokeza.

Upande wa Mwanza nako, katika miaka ya mwanzo ya karne hii, kampuni moja ya bia iligharimia mashindano ya mitumbwi, wanaume kwa wanawake, na vikundi vilitoka Ukerewe, Mara, Kagera na Kigoma pamoja na Mwanza yenyewe. Umati mkubwa ulisimama pwani kutazama, na washindi walipata fedha. Tusiwadharau, waliopiga makafi walikuwa wavuvi hasa, nao walionyesha ya kuwa mgongo na pumzi za kazi ile bado zipo. Lakini mashindano yaliyo juu ya mfuko wa mtu mmoja yana jamaa yake Usavara: mwenye mfuko akigeuka, pwani hunyamaza, isipokuwa wavuvi wenyewe wamejifungia umoja wao.

MANENO YA MWISHO KWA WALIMU NA WAZEE WA PAROKIA

Tunajifunza nini? Wengine husoma habari za Usavara wakaona fahari tu: mitumbwi 80, watu 2,500, pembe na manyoya. Wengine huona meli ya moshi, wakasema kipya kimeua cha kale. Mimi naona kwamba vyombo havikuwa nguvu ya kundi lile, wala Kabaka hakuwa nguvu yake. Nguvu yake ilikuwa fundi mmoja aliyeketi na mtoto mmoja akimwonyesha jinsi ya kuvuta uzi. Amri ilipokwisha, wangaliweza kuishi. Kazi ilipopungua, wangaliweza kuishi. Walipokufa watu, na watoto wakaondolewa mbali na mafundi, kila kitu kilikwisha.

Basi chama kikianzishwa katika shule au parokia yako, usianze kuuliza bei ya mpira au ya sare. Uliza maneno matatu. Je, chama hiki ni cha nani: ni cha vijana wenyewe, au ni cha mkubwa mmoja apendaye kutazamwa? Je, kina kazi gani katika maisha yao, hata siku ambayo hakuna mgeni wa kuonyeshwa? Na nani anafundishwa sasa, ili aliye mbele akiondoka awepo wa kushika nafasi yake? Kwaya ambayo mwalimu wake peke yake ajua sauti zote nne haitaimba mwaka atakapohamishwa. Timu isiyo na wadogo wanaocheza pembeni itazeeka pamoja na wachezaji wake.

Tena tuangalie afya ya watu kabla ya fahari ya michezo. Katika zile siku za Usavara hakuna aliyejua habari za mbung'o, na hilo si kosa la mtu. Lakini sisi tunajua habari za malaria, na maji machafu, na kipindupindu, na mafuriko ya Mkondoa. Mwalimu anayewafundisha watoto kuchemsha maji, na mzee anayesimama imara watu wasijenge katika njia ya mto, wanatunza vyama vyote vya kesho, hata vile ambavyo havijapewa jina.

Na juu ya wapagazi wa zamani waliopita kwetu na mbao za mashua vichwani, hao nao wastahili kukumbukwa katika mwaka huu wa jubilei. Walibeba chombo ambacho wengi wao hawakukipanda, kwenda kwenye maji ambayo wengi wao hawakuyajua. Wengine walizikwa njiani. Kila kizazi hubeba kitu ambacho kizazi kingine ndicho kitakachokielesha. Kilichotupasa sisi ni kuwaonyesha watoto wetu, wangali kando yetu, jinsi mbao zinavyoshonwa.